Maji ya barafu yalishuka, oksijeni je? Kisa cha graniti ya Laxemar

Wengi wetu tukisikia habari za kupima umri wa mwamba tunawaza swali moja tu, huu mwamba una miaka mingapi, basi. Graniti ya Laxemar kule Uswidi ilishajibiwa hilo zamani, ni kama miaka bilioni 1.8, imetoka hiyo. Swali lililowakalisha wanajiolojia pale miaka nenda rudi ni jingine kabisa na ni gumu kuliko hilo: tangu mwamba huu ukae hapo, maji yenye oksijeni yamewahi kuzama mpaka wapi, na lini? Na hawakuuliza kwa kujifurahisha, kulikuwa na mradi wa mabilioni unasubiri jibu.

Mradi wenyewe ni wa kuzika taka za nyuklia. Uswidi wana vinu vya umeme wa nyuklia, na fueli ikishatumika inatoka na mionzi ya hatari ya muda mrefu kiasi kwamba hesabu zao za usalama zinakwenda mpaka miaka milioni moja mbele. Kampuni ya SKB ndo iliyobeba kazi hiyo na mpango wao unaitwa KBS-3: fueli inaingia kwenye mtungi wenye kiini cha chuma na ganda la shaba nene sentimita 5, mtungi unazungushiwa udongo wa bentonaiti ambao ukilowa unavimba na kubana kila upenyo, halafu vyote vinazikwa kama mita 500 chini ndani ya graniti. Mitungi karibu 6,000, fueli tani kama 12,000. Sasa shaba ina adui anaitwa oksijeni. Na hata tuseme mtungi umetoboka, ile fueli ndani ni oksaidi ya urani, ikikaa kwenye maji yasiyo na oksijeni haiyeyuki kirahisi, ila ikipata oksijeni inageuka na kuondoka na maji kwenda yanakokwenda. Kwa hiyo kuanzia ganda mpaka mzigo wenyewe, yote yanategemea oksijeni isifike kule chini. Leo haifiki, ukipima maji ya kina hicho unaona yamejaa chuma iliyoyeyuka, kitu ambacho hakiwezekani kama oksijeni ipo. Leo haina shida. Shida ni kesho, maana kesho ya Skandinavia ina barafu.

Barafu yenyewe usiifikirie ile ya kileleni Kilimanjaro, hii ni ya kufunika nchi nzima, unene wa kilomita 2 hadi 3, imekuja na kuondoka mara nyingi, na pale maeneo ya Oskarshamn ambako Laxemar iko iliondoka miaka kama 14,000 iliyopita. Inapoyeyuka inatoa maji mengi ajabu, tena yana presha kubwa nyuma yake, na barafu inakuwa imenasa hewa ndani, kwa hiyo maji yanayotoka chini yake yanaweza kubeba oksijeni kuliko maji ya kawaida ya mvua. Juu ya hapo hakuna udongo wala majani ya kuila hiyo oksijeni njiani. Hofu ikawa hiyo: barafu ijayo ikiyeyuka, maji yake yenye oksijeni yatasukumwa mpaka mita 500?

Huwezi kusubiri barafu ijayo uone. Ila barafu zilizopita zilipita juu ya mwamba huohuo na nyufa zilezile, kwa hiyo kama oksijeni iliwahi kuzama lazima iliacha alama kwenye madini yaliyotanda ukutani mwa nyufa. Hapo ndo kisa kinapoanza.

Laxemar ilikuwa moja ya sehemu mbili zilizochunguzwa kati ya 2002 na 2008, nyingine ni Forsmark, kaskazini zaidi. Jirani yake kabisa kuna kisiwa cha Äspö ambako SKB walichimba maabara ya chini ya ardhi kati ya 1990 na 1995, handaki linateremka mpaka karibu mita 460, kwa hiyo ukanda ule umetobolewa na kupimwa kuliko graniti nyingi duniani. Walitoboa, wakatoa koa, yaani ile miche mirefu ya mwamba, wakaipanga kwenye maboksi na kuanza kusoma ufa mmoja baada ya mwingine.

Ila kabla ya kusoma chochote walikwama kwenye jambo la kishamba tu ambalo yeyote aliyewahi kusimama na wachimbaji wa visima atalielewa. Yale mashimo marefu ya kilomita moja yalichimbwa kwa staili ambayo mita 100 za juu zinapigwa kwa nyundo, shimo pana, ili pampu na vyombo viingie vizuri, na ukipiga kwa nyundo hupati koa, unapata vumbi na vipande. Sasa hebu fikiria, swali lako lote ni oksijeni imeshuka wapi kuanzia juu, halafu sehemu unayoitaka zaidi ndo hiyo imesagwa! Ikabidi pembeni ya mashimo makubwa yachimbwe mengine mafupi ya kutoa koa kuanzia juu. Na yakachimbwa kwa bomba la tabaka tatu, ambalo koa inakaa ndani ya mfuko wake bila kusuguana na maji ya kuchimbia, maana madini wanayoyatafuta ni laini, mengine ni unga tu uliobandika kwenye ufa, ukimwagia maji kwa presha yameondoka na ushahidi umekwenda nao. Mimi binafsi naona uamuzi huo una thamani kuliko mashine yoyote ya maabara iliyokuja baadaye.

Haya, ukishika koa ya juu juu, mita 5 au 10 hivi, ukafungua ufa unakuta nini? Rangi ya njano-kahawia, inachafua kidole. Hiyo ni gothaiti, oksaidi ya chuma yenye maji ndani yake, ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye kutu na inayoipa udongo mwingi wa kwetu ile rangi ya kahawia. Kalsaiti, yaani madini ya chokaa, haipo au imeliwa imebaki vishimo tu, kwa sababu maji ya mvua yakipita kwenye udongo yanabeba kaboni dayoksaidi na yanakuwa na tindikali ya kutosha kuiyeyusha. Ukiteremka, kalsaiti inarudi, nyeupe, na kwenye ufa unaanza kuona vichembe vya njano vinavyong'aa kama shaba ya njano, hiyo ni pairaiti, chuma na salfa, na pairaiti haivumilii oksijeni hata kidogo, ikiipata inaoza. Kwa hiyo kwenye koa moja unapata mpaka: juu gothaiti inatawala, chini pairaiti. Pale Laxemar mpaka huo uko mita 15 mpaka 20 hivi. Mita 20 tu! Mzigo unakwenda 500.

Ungekuwa mwepesi wa kuandika ripoti ungeishia hapo. Ila kuna mtego, na mtego ni rangi nyekundu.

Graniti ya Laxemar ina sehemu nyingi zimekuwa nyekundu kandokando ya nyufa, mpaka mamia ya mita chini, tena nyekundu kweli. Mtu akija na akili ya haraka haraka atasema si mnaona, chuma imeoksidika mpaka chini kabisa, oksijeni ilifika! Lakini wekundu ule ni hematiti, oksaidi nyingine ya chuma, chembe ndogo ndogo zilizomo ndani ya felspa (moja ya madini makuu ya graniti), na uliletwa na maji ya moto yaliyopita kwenye nyufa hizo zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, wakati mwamba bado uko kilomita kadhaa chini. Hauhusiani na mvua wala barafu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kupima umri hapa haikuwa na namba, ilikuwa kujua ni oksaidi ipi ya chuma unaitazama. Gothaiti haikai kwenye joto kubwa, hugeuka hematiti, hivyo ukiikuta kwenye ufa ujue imezaliwa kwenye ubaridi. Timu moja ya Copenhagen ilikwenda mbali zaidi, wakaangalia ukubwa wa chembe zenyewe na isotopu za chuma, yaani atomu za chuma zenye uzito tofauti: oksaidi za maji baridi zina chembe ndogo mno, za kipimo cha nanomita, zile za maji ya moto ni kubwa na zimekomaa. Kwa kutumia hilo wakaona oksaidi za baridi zipo chini ya ule mpaka wa mita 20 pia, chache, makumi ya mita, na moja moja zikikaribia mita 100. Hizo moja moja nitazirudia.

Sasa umri. Gothaiti inakwambia oksijeni ilifika, haikwambii lini. Inaweza kuwa ya juzi, ya barafu iliyopita, au ya miaka milioni 50 iliyopita. Wakaleta urani.

Kila graniti ina urani kidogo, na urani-238 ikioza inapitia vituo kadhaa, viwili ndo vinatuhusu: urani-234 yenye nusu-maisha (muda wa nusu yake kuoza) ya miaka kama 245,000, na thoriamu-230 yenye miaka kama 75,600. Mwamba ukikaa umefungwa bila kuguswa kwa zaidi ya miaka milioni moja, wote watatu wanalingana, kila mmoja anaoza kwa kasi sawa na mwenzake, uwiano ni 1. Maji ndo yanayovuruga. Urani ikikutana na oksijeni inayeyuka, thoriamu haiyeyuki karibu hata kidogo, ni kama mzazi aliyehama akamwacha mtoto nyumbani. Kwa hiyo ukikwangua utando wa ufa ukakuta thoriamu-230 ni nyingi kuliko urani-234, ujue urani iliondoka, na iliondoka ndani ya miaka laki tatu nne iliyopita, kwa sababu ingekuwa zamani zaidi thoriamu iliyoachwa peke yake ingekuwa imeshaoza na uwiano umerudi 1. Ukikuta kinyume chake, urani nyingi thoriamu kiduchu, urani imewasili karibuni na mtoto hajakua bado: ikiwa imefika leo bila thoriamu yoyote, baada ya miaka 75,600 thoriamu itakuwa imefika nusu tu ya kiwango chake.

Uwiano wa urani-234 kwa 238 nao una lake. Atomu ya 238 ikioza inapiga teke, inatikisa fuwele pale ilipokaa, na 234 inayozaliwa inajikuta kwenye sehemu iliyoharibika ambayo maji yanaichomoa kirahisi. Ndo maana maji ya chini ya ardhi kwenye graniti mara nyingi yana 234 kupita kiasi, mara mbili, tatu na zaidi, na urani inayotuama kutoka kwenye maji hayo inabeba sahihi hiyo, unaitambua kuwa ilikuja na maji. Hili la urani kutoka kwenye graniti, kusafiri na maji yenye oksijeni na kutuama kwingine halihitaji kwenda Uswidi kulielewa, mbuga ya Bahi pale magharibi mwa Dodoma urani yake ilikuja hivyohivyo, imetoka kwenye graniti zinazoizunguka ikakamatwa bondeni.

Laxemar waliokwangua ni Henrik Drake na Eva-Lena Tullborg, wakishirikiana na MacKenzie wa Uskoti upande wa vipimo vya urani, na kazi ilitoka 2009. Walichokiona ni kwamba mita 20 za juu picha kubwa ni ya kuondokewa na urani, chini ya hapo kidogo picha ni ya kupokea, yaani inayeyuka juu, inavuka mpaka, inakosa oksijeni na kutuama. Wakaongeza seriamu, metali mojawapo ya zile ziitwazo adimu, ambayo oksijeni ikiwepo hubadilika na kung'ang'ania pale pale wakati ndugu zake wengine wa kundi lake wanaondoka, nayo ikasema mulemule. Gothaiti, pairaiti, kalsaiti, seriamu, urani, vipimo vitano visivyojuana, vyote vinaangukia mita zilezile. Nakiri ushahidi wa namna hii unanishawishi kuliko namba moja yenye desimali nne.

Ila hii ya urani ina dirisha lake. Nyuma ya miaka milioni moja haioni kitu. Na Laxemar ina historia ndefu mno nyuma ya dirisha hilo: kabla ya Kambria, miaka kama milioni 540 iliyopita, mwamba huu ulikuwa tayari umeliwa na hali ya hewa ukawa tambarare, mchanga wa bahari ya Kambria ukaingia mpaka kwenye nyufa na bado unaukuta humo umekuwa jiwe; halafu ukafunikwa na mashapo mazito wakati milima ya Kaledonia inapanda kule Norway, halafu yakaja kuondolewa, mwamba ukaibuka tena juani. Kwa hiyo ule uso unaotembea juu yake leo Laxemar ni uso wa kale uliofukuliwa. Matukio hayo yanapimwa kwa kalsaiti na felspa changa za kwenye nyufa kwa kutumia rubidi na stronti (rubidi huoza polepole ikawa stronti), na mengi yanaangukia karibu miaka milioni 400. Kalsaiti za pale zina vituko vyake pia, 2015 walitangaza moja yenye kaboni nyepesi kupita kalsaiti zote zilizopimwa kabla yake, kazi ya vijidudu wanaokula methani ndani ya graniti. Ila kwa swali letu la barafu haya ni pembeni, barafu zote kubwa zinazotuhusu zimo ndani ya lile dirisha la urani.

Sasa sehemu ninayoipenda zaidi. Mwaka 1991 wakati handaki la Äspö linachimbwa walikata ukanda wa nyufa mita kama 70 chini, na kwa makusudi kabisa wakaacha maji yaingie ili waone oksijeni itachukua muda gani kufika, maana handaki linavuta maji ya juu kwa nguvu. Maji matamu ya juu yalifika baada ya wiki tatu hivi, chumvi ikashuka, kila mtu akasubiri oksijeni. Haikuja. Wiki zikaenda, miezi ikaenda, ikawa miaka, maji ni ya juu kweli lakini hayana oksijeni, badala yake chuma na kaboni vikapanda. Bakteria walikuwa wanakula uchafu wa mimea unaoshuka na maji na kuimaliza oksijeni yote njiani.

Na hapo ndo kichwa cha kisa chote. Sisi tunadhani maji na oksijeni ni mwendo mmoja, ukijua maji yalifika unajua na oksijeni ilifika. Sivyo hata kidogo. Ukichota maji mita mia kadhaa Äspö au Laxemar unapata mchanganyiko: maji ya mvua za karibuni, masalia ya bahari ya Littorina iliyoifunika pwani ile baada ya barafu, chumvi nzito ya kale ambayo kwenye shimo la KLX02 la Laxemar lenye kina cha mita 1,700 inafika gramu 47 za kloridi kwa lita, na katikati ya hayo yote kuna maji ya barafu. Unayajua kwa oksijeni-18, yaani atomu nzito za oksijeni zilizo sehemu ya maji yenyewe, sio ile oksijeni iliyoyeyuka humo: ukilinganisha na maji ya bahari, mvua ya leo pale iko kama -10 au -11 kwa elfu, maji yenye mchango wa barafu yanashuka chini ya -13. Yaani maji ya barafu YALISHUKA, mamia ya mita, hakuna ubishi, bado yamo humo. Na kwenye kina hichohicho pairaiti ipo, kalsaiti ipo, gothaiti hakuna. Maji yalifika, oksijeni ikaishia njiani.

Nani aliimaliza, maana tumesema maji ya barafu hayana majani wala udongo? Hapa jibu ni mwamba wenyewe, madini yake ya kloraiti na bayotaiti yana chuma ambayo haijaoksidika, na pairaiti pia, na zipo kwenye kila ufa. Zile oksaidi chache za baridi zilizopatikana karibu na mita 100 kwangu zinasoma hivyo: kwenye nyufa chache zinazopitisha maji sana, oksijeni ilipiga hatua zaidi kwa muda fulani, ikachoka. Zinaongeza nguvu kwenye hoja kuliko kuipunguza, zinaonyesha kipimo kinaweza kuiona oksijeni ya kina pale ilipokuwepo, kwa hiyo kutoiona mita 300 kuna maana.

Sio kwamba hakuna wa kupinga. Pingamizi zito ni la pairaiti: haitoshi kusema ipo kwa hiyo haikuwahi kuliwa, kwa sababu bakteria wanaitengeneza upya. Barafu inaweza kuja, ikaila yote, ikaondoka, na ndani ya muda mfupi kijiolojia pairaiti mpya ikaota palepale na ukuta ukaonekana safi. Hoja ya kweli hiyo. Kinachoibana ni urani, kwa sababu yenyewe haijisafishi: kama oksijeni ingepita mita 300 mara moja tu katika miaka laki tatu iliyopita ingeyeyusha urani na kuacha thoriamu yatima, na thoriamu hiyo ungeikuta mpaka leo, pairaiti iote isiote. Udhaifu ninaouona mimi uko kwenye sampuli, utando wa ufa ni mwembamba, ukikwangua unachukua na kidogo cha mwamba wa nyuma yake, na mwamba huo ambao haujaguswa unasukuma uwiano wako urudi kwenye 1. Yaani kosa lolote la kukwangua linaelekea upande wa kusema hakuna kilichotokea, na huo ndo upande ambao kampuni ingependa. Hilo sio tuhuma, ni hesabu tu, na ndo sababu vile vipimo vingine vinne vina umuhimu.

Pamoja na majibu mazuri hivyo, Laxemar haikupewa mradi. Juni 2009 SKB walichagua Forsmark. Ndugu zetu wa Oskarshamn hawakutoka mikono mitupu, manispaa mbili, yao na ile ya Forsmark, zilishakubaliana mapema kwamba atakayekosa mradi apate robo tatu ya fedha za maendeleo, utaratibu ambao sijawahi kuusikia kwingine na nadhani ulipunguza ugomvi mwingi. Baada ya hapo ikawa safari ndefu: Januari 2018 mahakama ya ardhi na mazingira ikakataa kubariki mpaka maswali ya kutu ya shaba yajibiwe, Januari 2022 serikali ikaruhusu, Oktoba 2024 kibali cha mazingira kikatoka, Januari 2025 kazi ikaanza Forsmark.

Sababu ya Forsmark kushinda haikuwa oksijeni kabisa. Kwenye tathmini ya usalama ya SKB, maji ya barafu yanarudi kwa mlango mwingine: ni matamu mno, chumvi hakuna, na bentonaiti ikipitiwa na maji yasiyo na chumvi inaanza kumeguka na kuondoka kidogo kidogo kwenye ufa. Udongo ukishaisha pale, kinachoifikia shaba na kuila ni sulfidi, kemikali ya salfa ambayo bakteria wanaitengeneza kwenye maji yaleyale yasiyo na oksijeni, wale wale wanaootesha pairaiti. Yaani ushahidi wa kwamba oksijeni haifiki ni ushahidi pia kwamba sulfidi ipo. Kwa hiyo swali likahama kutoka maji yana nini kwenda ni nyufa ngapi zinayafikisha, na hapo Laxemar ilikuwa haina la kujitetea: chini ya mita 400 Forsmark nyufa zinazopitisha maji zimeachana kwa wastani wa zaidi ya mita 100, Laxemar unakutana nazo kila baada ya mita chache.